Vipepeo wa Mto Shari

Mji wetu wa Bunia umejengwa nyanda za juu, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Mashariki nchi yateremka mpaka Ziwa Albert; magharibi, ukiisha kupita Komanda, waingia msitu mkubwa wa Ituri. Humo huishi Papilio antimachus, kipepeo aliye mkubwa kuliko wote wa Afrika. Upana wa mabawa yake huweza kupita sentimeta 20. Lakini mapigano yaliyorudi Ituri mwaka 2017 yameitia hatari njia ya msituni, nasi twaridhika na ukingo wa mto Shari, karibu na mji.

Twaenda asubuhi, kungali na baridi, maana kipepeo hawezi kuruka vema kabla jua halijampasha moto. Baadaye madume ya aina nyingi hushuka penye mchanga wa maji kufyonza chumvi, wakatulia. Twawakaribia polepole, kivuli chetu kisiwaguse. Akifumba mabawa, twaielekeza kamera ubavuni mwake sawasawa, ili bawa lote liwe na umbali mmoja na lenzi. Ndipo kila mshipa waonekana wazi. Tena twainama tupate nyuma yake majani yaliyo mbali: hayo hufifia yakawa rangi moja tu, kama kitambaa.

Watoto wengine huwakamata na kuwang'oa mabawa. Vipepeo wengi huishi majuma machache tu. Picha haiwapunguzii hata siku moja. Wazazi na walimu, katika nchi iliyozoea kuona uhai ukikatwa, tuwafundishe wana wetu kumkaribia kiumbe dhaifu pasipo kumdhuru, kumtazama sana, na kumwacha aende zake.