Kutoka Msasani Mpaka Mbele ya Mizani



Huenda hujapata kupanda ndege, na pengine huna hata wazo la kuipanda. Lakini siku hizi wazazi wengi wa vijijini huitwa mjini na watoto wao, na wakati wa kurudi huambiwa, "Mama, safari hii hutarudi kwa basi." Basi nifuate polepole leo. Nitakutoa Msasani mpaka kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam, nikuonyeshe mizani iliyonitia haya, kisha ikanifundisha.

Msasani iko pwani, upande wa kaskazini wa jiji, katika wilaya ya Kinondoni. Ukisikia jina lake utadhani ni mahali pa majumba ya fahari tu, kwa kuwa Masaki na Oysterbay ni jirani zake. Kumbe ndani yake kimo kijiji cha zamani cha wavuvi. Asubuhi vyombo hurudi ghubani, na samaki hupigwa mnada palepale ufukweni, kina mama wa kukaanga wakigombea bei na wachuuzi wa baiskeli. Ukitupa macho baharini wakiona kisiwa cha Bongoyo. Na ni hapa Msasani alipokaa Mwalimu Julius Nyerere kwa miaka mingi.

Mwaka huo mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama mkwe akaja kutoka Ukerewe kumsaidia. Alikaa miezi mitatu. Alimwogesha mjukuu, akampikia mwanawe uji, na jioni akatuongoza katika rozari. Siku ya kurudi ilipokaribia, watoto wake walichanga fedha wakamkatia tiketi ya ndege mpaka Mwanza, kwa sababu miguu yake huvimba akikaa ndani ya basi siku nzima. Toka Mwanza angepanda meli mpaka Nansio.

MSHALE WA MCHUUZI

Siku moja kabla ya safari nilikwenda naye sokoni kununua papa mkavu. Usicheke, msomaji, kwamba twapeleka samaki Ukerewe. Samaki wa ziwani wanao, lakini papa wa chumvi majirani zake walikuwa hawajamwonja, naye alikuwa amekwisha kuwaahidi.

Nikaitazama mizani ya mchuuzi. Mshale ulikuwa umeipita sifuri kabla hata samaki hajawekwa! Nilipaza sauti. Nikamwambia kwamba Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, ina kazi ya kukagua mizani za biashara na kuzitia alama, na kwamba mtu akinipunja hata robo kilo ameniibia. Watu walikusanyika. Mchuuzi akaurudisha mshale mahali pake, akapima upya. Nami nikaondoka kifua mbele. Mama mkwe alishika kikapu chake, hakusema neno.

Usiku jirani walikuja kuaga. Unajua desturi yetu: msafiri haondoki mikono mitupu. Huyu alileta nazi, yule sukari, mwingine sabuni na vitenge, na mke wangu akaongeza sufuria mbili. Begi lilikataa kufungwa, tukalifunga kwa kamba. Hakuna aliyewaza kulipima.

NJIANI

Alfajiri tulikodi gari. Tulipita daraja jipya la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na kupita juu ya bahari, tukaingia mjini, kisha tukashika Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu. Ukiifuata moja kwa moja inakufikisha Pugu, ambako Mwalimu alifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko kabla hajaacha ualimu mwaka 1955. Sisi tulipanda daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, na punde tukafika kiwanjani. Kiwanja chenyewe nacho kina jina la Mwalimu, alilopewa baada ya kufariki mwaka 1999. Nilimwambia mama mkwe, "Tumetoka mtaani kwa Mwalimu, tumepita barabara ya Mwalimu, tumefika kiwanjani kwa Mwalimu." Akatabasamu.

Nikuonye hapa: kiwanja hiki kina majengo matatu ya abiria. La tatu lilifunguliwa mwaka 2019 nalo ni kubwa sana. Tazama tiketi yako au uliza mapema ni jengo lipi, usije ukakimbia na mizigo ukiwa umechelewa.

KILO NANE

Kijana wa mapokezi alitupokea kwa adabu. Begi likawekwa juu ya mizani, na tarakimu nyekundu zikasema 31. Tiketi iliruhusu kilo 23. "Mama amezidisha kilo nane," alisema kijana, akatuonyesha karatasi ya malipo iliyobandikwa mbele yetu. Kila kilo ilikuwa na bei yake.

Nilianza kubisha. Nilisema mizani yao ni mbovu. Kijana hakukasirika. Aliliondoa begi, akatuonyesha sifuri, kisha akalihamishia mizani ya pili. Ikasema 31. Nikasema mama huyu ni mzee. Nikasema hivi ni vizawadi tu. Nyuma yetu watu walianza kuguna. Ndipo nikafanya jambo ambalo leo naliungama mbele yako. Nilitia mkono mfukoni, nikakunja noti, nikaiweka ndani ya tiketi, nikaisukuma mbele ya kijana. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Andika ishirini na tatu, ndugu yangu, tumalizane."

Kabla kijana hajaigusa, mama mkwe aliweka mkono wake juu ya tiketi.

"Baba," aliniambia taratibu, "jana ulimfokea yule mchuuzi kwa sababu mizani yake ilisema uongo. Leo wataka hii iseme uongo kwa ajili yangu?"

Sikuwa na jibu. Naye hakumaliza. "Sisi Ukerewe tumezika watu," akasema.

Msomaji, nilijua anasema juu ya nini. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara. Kilitengenezwa kuchukua watu 100 hivi. Siku hiyo kilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hao, pamoja na mizigo yao ya gulioni. Kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati, watu wa nchi kavu wakitazama. Zaidi ya watu 220 walikufa. Na kabla ya hapo, mwezi Mei 1996, ziwa hilohilo lilikuwa limeimeza MV Bukoba na mamia ya watu. Mama mkwe alikuwa na jamaa zake katika makaburi ya mwaka 2018.

Niliirudisha noti mfukoni. Tulifungua begi palepale sakafuni mbele ya watu wote. Tulitoa nazi sita na sukari, maana sukari ipo Nansio, na sufuria moja. Mizani ikasema 26. Zile kilo tatu nilizilipia, nikapewa stakabadhi. Papa hakutolewa.

KWA NINI WANAPIMA

Wengi hudhani kwamba kupima mizigo ni njia tu ya kutafuta fedha. Fedha imo, sikatai, na kila kampuni ina bei yake. Lakini sikiliza. Kila ndege ina kikomo cha uzito wa kurukia. Ndani ya uzito huo wamo watu, mizigo na mafuta. Rubani hupewa hesabu yote kabla ya kuondoka, na kwa hesabu hiyo hujua mwendo unaohitajiwa ili ndege iinuke, na namna ya kuupanga mzigo usielemee mbele wala nyuma.

Sasa chukua ndege ya abiria 76. Kila mmoja akificha kilo nane kama nilivyotaka mimi, ni kilo 608 zimo ndani ya ndege na rubani hana habari. Kilo iliyolipiwa imeandikwa, yajulikana. Kilo iliyohongewa haipo katika karatasi, lakini ndege inaibeba. Mimi nilitaka kumfanyia rubani yaleyale aliyotaka kunifanyia mchuuzi, tena kwa hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo, ukiitwa safarini, soma tiketi yako au usomewe na mtoto wa shule. Utaona umeruhusiwa kilo ngapi chini ya ndege na ngapi mkononi. Makampuni mengi huruhusu begi la kilo 23 na la mkononi la kilo 7 hivi, lakini usiniamini mimi, iamini tiketi yako. Hata ukilipia, mengi hayapokei begi moja lenye zaidi ya kilo 32, maana yuko kijana atakayeliinua kwa mgongo wake. Pima nyumbani. Kama huna mizani, nenda dukani kwa muuza nafaka ukamwombe. Ukitilia shaka mizani ya kiwanjani, omba kwa adabu uonyeshwe sifuri au upimiwe kwenye nyingine. Ukizidisha, punguza au lipa, na usiondoke bila stakabadhi. Nanyi mnaomsindikiza msafiri, mpendeni kwa kiasi. Zawadi ya kitenge kimoja ni upendo kamili.

Maandiko Matakatifu yanatuambia mahali pengi kwamba Mungu huchukizwa na mizani ya hila. Nilikuwa nikiyasikia maneno hayo kanisani nikiwawaza wachuuzi. Siku ile nilijua yananihusu na mimi ninayesimama upande wa pili wa mizani.

Jioni simu ililia kutoka Mwanza: mama amefika salama. Kesho yake ikalia tena kutoka Nansio, na nyuma yake nilisikia vicheko vya majirani. Papa alikuwa jikoni. Nasi huku Msasani tulikuna zile nazi, tukala wali, tukamshukuru Mungu kwa mama mkwe wa namna ile.