Kuiuliza Klasi Nasaba Yake Bila Kuiamsha

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo vitabu vingi vya Python hulipitia kwa aya moja na kusonga mbele: namna ya kuiuliza klasi imerithi kutoka kwa nani, wakati programu tayari inaendeshwa. Wewe usiyeandika programu usiondoke, hesabu hakuna. Klasi ni kama ramani ya nyumba, na objekti ni nyumba iliyojengwa kwa ramani hiyo. Klasi moja inaweza kurithi tabia za nyingine, nayo hiyo ikawa imerithi za tatu, mpaka unapata ukoo mzima. Katika Python kila ukoo huishia kwa babu mmoja anayeitwa object.

Sasa nasaba ya nini? Mwaka jana nilikabidhiwa mfumo wa sacco moja, ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuhamia kazi nyingine. Wanachama wengine hulipa kupitia benki, wengine kwa simu, na wengine makato yao ya mshahara huletwa kwa faili ya Excel. Kila njia ina klasi yake, na zote ni watoto wa klasi inayoitwa Mpokeaji. Programu ikiwashwa hupitia moduli yote, hushika kila jina lililomo na kuuliza: wewe ni wa ukoo wa Mpokeaji? Ikijibiwa ndiyo, husajili. Wazo zuri kabisa, maana siku ukileta benki mpya unaongeza klasi moja tu na kwenda zako.

Halafu malipo ya benki yakaacha kuingia. Hakuna onyo, na logi haikuwa na neno. Habari tulizipata kwa mama mmoja aliyefika ofisini na risiti za benki mkononi, akitaka kujua kwa nini mkopo wake wa karo umekataliwa eti hajachanga miezi miwili. Hiyo ilikuwa Alhamisi, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Nikafungua msimbo, nikakuta hivi:

for jina in dir(moduli):
    kitu = getattr(moduli, jina)
    try:
        if issubclass(kitu, Mpokeaji):
            sajili(kitu())
    except:
        pass

Naelewa alikofikia hapo. issubclass inataka klasi, na ndani ya moduli mna mchanganyiko: fanksheni, namba, maandishi. Ukiipa namba inakurushia TypeError na programu inaanguka. Basi mwenzetu akatandaza wavu chini, akamaliza kazi. Lakini wavu ule haukunasa TypeError peke yake. Nenosiri la benki lilikuwa limebadilishwa, klasi ya benki ikashindwa kujengwa, hitilafu ikaanguka wavuni pamoja na takataka nyingine, pass, kimya. Mimi except isiyotaja inachokamata huwa siipendi hata kidogo, na hapa ilimnyima mtu mkopo.

Dawa yake ni kuuliza maswali mawili kwa mpangilio. Kwanza, hiki ni klasi kweli? Pili, ni ya ukoo huu?

    if isinstance(kitu, type) and issubclass(kitu, Mpokeaji) and kitu is not Mpokeaji:
        sajili(kitu())

Hakuna tena haja ya try. Namba ikipita inaachwa kwenye swali la kwanza, na benki ikigoma kujengwa tunasikia kelele siku hiyo hiyo. Kile kipande cha mwisho kipo kwa sababu issubclass huhesabu klasi kuwa mtoto wake yenyewe, na Mpokeaji mtupu hajui kupokea chochote. Michango ya yule mama iliingizwa Ijumaa mchana, na mkopo ukapita.

Lakini kuna jambo ambalo lilinifanya niandike haya. Ukienda kijijini mzee akakuuliza, "Kwani wewe ni wa nani?", anategemea jibu lako. Angeweza pia kwenda kwa chifu kuangalia daftari. isinstance hufanya yote mawili: huangalia daftari kwanza, yaani aina halisi ya objekti, na lisipopata jibu huko huigeukia objekti yenyewe na kuisomea sifa ya __class__. Sifa hiyo mwandishi wa klasi anaweza kuiandika upya apendavyo. Kwa hiyo swali lako dogo linaweza kuendesha msimbo wa mtu mwingine.

Wanaotumia Django wanalo jambo hili mkononi kila siku. request.user mara nyingi si mtumiaji bali ni kibandiko kinachomsubiri, SimpleLazyObject. Ukiandika isinstance(request.user, User), kibandiko kinaamka na kwenda kwenye hifadhidata kumleta mtumiaji, kama bado hajaletwa. Ukitumia type(request.user) unaambiwa ni kibandiko, na hakuna aliyeamshwa. Ukitaka ukoo wote, type(x).__mro__ inakupa orodha kutoka mtoto hadi object.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye sifa. Klasi yetu ya benki ina sifa inayoitwa salio, na kwa macho inaonekana kama namba iliyohifadhiwa. Kumbe ukiigusa tu inapiga hodi kwenye seva ya benki. Mkaguzi anayezunguka dir ya objekti akiita getattr kwa kila jina angekuwa anaisumbua benki kila anapochungulia. Tangu Python 3.2 ya mwaka 2011 kuna inspect.getattr_static, ambayo hukuonyesha sifa ilivyoandikwa bila kuiendesha. Hata hasattr haiko salama hapa, kwa sababu ili ijue kama sifa ipo huenda kuichukua. Katika Python 2 ilikuwa mbaya zaidi, ilimeza kila hitilafu iliyotokea njiani na kukujibu kwamba sifa haipo.

La mwisho, maana chai inapoa. Kwenye ile klasi ya Excel nilikuta kiasi cha pesa kikikaguliwa kwa isinstance(kiasi, int). Tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, bool ni mtoto halali wa int. True inapita ukaguzi huo bila shida, na ukiijumlisha na 100 unapata 101. Safu za Excel zikisogea hatua moja, ndiyo ya safu ya uthibitisho inaingia kama mchango wa shilingi moja. Nimeweka type(kiasi) is int. Najua wapo watakaosema si mtindo mzuri wa Python. Waje tubishane, ila kwenye pesa za watu sibadilishi.