Mtoto Asiyekula Ngano

Msomaji, huenda umepata kumsikia mtu akisema kwamba tumbo lake halipatani na chakula fulani, nawe ukacheka moyoni ukidhani ni madaha. Madaha yapo, sikatai. Lakini yako maradhi ambayo chakula chema, kilichopikwa kwa usafi na kutolewa kwa upendo, humgeukia mlaji kuwa sumu. Mlaji niliyemwona mimi alikuwa binti yangu, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, hapa Kitengela.

Maradhi hayo huitwa siliaki. Katika ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni, ile inayoufanya unga wa chapati unyumbuke bila kukatika. Utumbo mwembamba wa mwanadamu umejaa vinyweleo vidogo mno, navyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika hapo, askari wa mwili waliowekwa kutulinda hukosa shabaha, wakavishambulia vinyweleo vile mpaka vikalala kama majani yaliyokanyagwa na ng'ombe. Ndipo mtoto hula na asinenepe. Wetu alikuwa na tumbo lililojaa kama ngoma na miguu kama vijiti, na michezo alikuwa ameiacha. Zahanati moja ilimpa dawa ya minyoo mara tatu. Majirani walinong'ona kwamba hatumlishi, nasi tulikuwa tukimlisha mkate kila asubuhi! Mwishowe daktari mmoja wa Nairobi akampima damu, kisha akatazama utumbo kwa mpira mwembamba wenye taa na kuchukua kipande kidogo cha kuchunguza. Akatwambia kwamba dawa ya kumeza haipo. Dawa ni kuziacha nafaka zile tatu maisha yote, hata chembe.

Usidhani haya ni maradhi ya Wazungu peke yao. Mwaka 1999 ulichapishwa uchunguzi wa watoto wa Kisaharawi, watu wa Sahara ya Magharibi katika bara letu hili, na zaidi ya watoto watano katika kila mia walikutwa nayo.

Zamani hapakuwa na aliyejua sababu. Watoto walifunga vyakula vya kila namna, na wengi wakafa. Daktari Willem Karel Dicke, aliyetibu watoto katika mji wa The Hague huko Uholanzi, aliushuku mkate tangu miaka ya 1930. Kisha vita vikaleta njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945. Mkate ukaadimika, na katika dhiki ile iliyowaua wengi, wagonjwa wake wa siliaki hawakuzidiwa kama ilivyotazamiwa; mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 alitoa tasnifu yake juu ya jambo hilo. Kila kijiko cha uji ninachompa binti yangu kina deni kwa mtu huyo.

Basi tulimlisha nini? Watu walinihurumia kana kwamba mtoto atakula upepo. Yapo madukani Nairobi mikate isiyo na gluteni iliyotoka ng'ambo, ghali mno, na kwa maoni yangu haina ladha ya kuistahili bei yake. Lakini ugali wa mahindi hauna gluteni. Wimbi hauna, mtama hauna, wala mchele, muhogo, viazi vitamu, nduma, maharagwe, mayai na nyama. Chakula cha mababu kilikuwa kikitungoja shambani.

Taabu ilikuwa kinuni. Kinu cha mtaani husaga mahindi ya huyu na ngano ya yule kwa chuma kile kile, na vumbi la ngano likabaki ndani. Unga wa uji wa pakiti nao huchanganywa nafaka nyingi, na mara nyingine ngano ni mojawapo. Tukanunua kinu kidogo cha mkono. Nachagua wimbi, naosha, naanika juani, nasaga mwenyewe jioni. Mkono huuma, lakini najua kilichomo.

Taabu kubwa zaidi haikuwa ya unga. Mama mkwe wangu anakaa nje ya mji wa Kajiado, kama kilomita 50 kutoka kwetu kwa barabara ya Namanga. Kwake mgeni hapiti bila chai na chapati, na mjukuu hapiti bila maziwa. Nami nilikuwa nimeambiwa na daktari kwamba utumbo uliojeruhiwa hushindwa kwa muda kuisaga sukari ya maziwa, hivyo maziwa mabichi yapunguzwe kwa majuma kadhaa. Fikiri, msomaji: mkwe kumwambia mama wa Kimaasai mwenye ng'ombe kwamba mjukuu wake hatakunywa maziwa yake!

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Mwanangu, ni mimi mnayenikimbia, au ni chakula?"

"Ni chakula, mama. Wewe ndiye tunayekuja kwako."

Nikamweleza habari ya vinyweleo na majani yaliyokanyagwa, na jambo hilo mfugaji hahitaji kufafanuliwa mara mbili. Akauliza majani yataota baada ya muda gani. Tulipokwenda tena, tulikuta sufuria ndogo mpya na mwiko, vimefungwa ushanga mwekundu mkiani ili asivitumie mtu mwingine. Baada ya miezi mitatu binti aliongeza uzito, akaanza kuwafukuza mbuzi. Na maziwa, kwanza lala na baadaye mabichi, yakarudi bila kumdhuru.

Sasa ana miaka minne, na huuliza kila anayempa kitu, "Kina ngano?" Wengine huona ni utovu wa adabu. Sisi tumemfundisha aseme "ahsante" kwanza.

Ndugu wa mgonjwa yafaa wapimwe pia. Mimi na baba yake tulipimwa, hatukukutwa nayo; kaka yake atapimwa Desemba. Daktari ameagiza mvulana asiache ngano kabla ya siku hiyo, maana akiiacha, damu yaweza kuficha ugonjwa. Hivyo kila jioni anakwenda kula chapati kwa jirani, na akirudi ananawa mikono na kusukutua kinywa mlangoni kabla ya kumkaribia dada yake.