Mwanga upo, sauti je?

Juzi nilikwenda kumhoji dada mmoja ofisini kwake hapa Dar, kwenye jengo jipya wanaloliita la kijani. Madirisha mapana, kuta nyeupe, dari ya zege tupu. Saa nane mchana hakuna taa inayowaka! Nikavutiwa kweli.

Usiku nikafungulia kinasa sauti... mwangwi mtupu. Alikuwa ananisimulia alivyoachishwa kazi ya zamani akiwa mjamzito, kwa sauti ya chini maana ukumbi mzima unasikia. Nusu ya maneno yamepotea.

Zege lile halikusahauliwa, limeachwa wazi makusudi linyonye joto la mchana. Ukilifunika lote ili kuua mwangwi, kiyoyozi kinapata kazi. Ukiweka mapazia mazito, unawasha taa.

Mwaka 1895 Wallace Sabine wa Harvard alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara wa namna hiyo. Usiku akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anapima sauti inachukua sekunde ngapi kufa. Mito ikizidi, sauti inakufa mapema. Leo wanaojua kazi huning'iniza vibao vyeupe, vyepesi, wima chini ya zege, taa katikati yake. Hewa inapita, mwanga unarudi chini, kelele zinamezwa. Ila taa na sauti zichorwe pamoja, jamani, siyo fundi huyu leo na yule mwakani.

Nimempigia yule dada. Kanikaribisha kwake Jumamosi, lakini habari ya ule ujauzito hatairudia.