Safari ya Mbarara: Alikopita Babu Mwaka 1979

Likizo yangu ya mwaka huu niliitumia kwa safari niliyokuwa nikiiahirisha kwa muda mrefu: kwenda Mbarara, magharibi mwa Uganda, mji ambao babu yangu aliuingia akiwa na bunduki mwezi Februari 1979. Babu alikuwa mkulima na mgambo. Alichukuliwa kijijini mwishoni mwa mwaka 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, akarudi mwaka uliofuata akiwa mtu wa maneno machache. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, sisi wajukuu humpongeza. Yeye hutushukuru, kisha hutoka kwenda kuwatazama ng'ombe.

Mimi nilisomea ualimu, na vita hivyo nilivifundisha kwa tarehe na ramani. Ya babu mwenyewe sikuyajua. Nilipomwaga aliniambia neno moja tu: "Ukifika huko, uliza mtaa uitwao Kakoba. Katazame kama watu wamejenga."

Nilipanda basi Bukoba asubuhi. Daraja la Kyaka, lililolipuliwa na majeshi ya Amin Novemba 1978, sasa huvukwa kabla abiria hajamaliza kumega andazi. Mutukula tuligongewa mihuri, tukaendelea hadi Masaka, kisha barabara ikaelekea magharibi kupitia Lyantonde, kwenye malisho ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Askari wetu waliiteka Masaka tarehe 24 Februari 1979, na Mbarara ikatekwa siku zizo hizo na brigedi ya Silas Mayunga. Katika miji yote miwili majengo mengi yalilipuliwa kwa baruti, kulipiza yale yaliyotendwa Kagera. Jambo hilo sikuwahi kulifundisha darasani.

Kakoba ni mtaa wenye shughuli nyingi: maduka, gereji, akina mama wauza ndizi, vijana wa bodaboda, na mto Rwizi haupo mbali. Watu wamejenga, tena maghorofa. Nilifurahi kusikia Kiswahili sokoni. Baadhi ya wanaokisema ni Wakongo watokao katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958 na ambayo wakazi wake wa kwanza walikuwa wakimbizi kutoka Rwanda. Kijana mmoja wa huko alikubali kuwa mkalimani wangu. Nilipomweleza kwamba natafuta habari za babu yangu askari ili nipate kumheshimu ipasavyo, alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, kwetu askari ndiye tuliyemkimbia." Hata hivyo alinipeleka kwa mzee mmoja mwenyeji.

Mzee alinikaribisha kwa maziwa, lakini aliposikia Kiswahili changu aliweka kikombe chini. Alieleza kwa Kinyankole kwamba kwa watu wa umri wake, wakati wa Amin, lugha hiyo ilikuwa ya kambini na ya vizuizi vya barabarani. Na wale waliokuja kumfukuza Amin walikuja wakiisema iyo hiyo.

Mwaka 1979 yeye alikuwa kijana. Familia yake ilikimbilia mashambani, na waliporejea walilikuta duka la baba yake limekuwa lundo la matofali. "Nilicheka kwa kuondoka Amin, na nililia kwa duka la baba," alisema. "Mwambie babu yako yote mawili. Usimpelekee moja."

Sikuwa na la kumjibu. Nilipoinuka kuaga, aliuliza kama babu yu hai bado. Nikasema yu hai. Akatabasamu. "Basi mwambie tumejenga."

Nilimfikishia babu salamu hizo kama nilivyopewa, bila kupunguza kitu. Siku hiyo hakutoka kwenda kuwatazama ng'ombe. Alikaa, akaanza kusimulia: jinsi walivyoteka maji ya mto Rwizi kwa kofia zao, jina la mwenzake aliyezikwa katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, na nyumba moja ya Kakoba waliyoamriwa kusimama mbali nayo kabla haijalipuliwa. Alikuwa ameingia humo kuhakikisha hakuna mtu. Sufuria ilikuwa bado mekoni. Sufuria hiyo amekaa nayo moyoni miaka yote hii, wakati sisi tukimpigia makofi.

Ndugu wasomaji, makofi ni mema, na taifa lina wajibu wa kuwakumbuka mashujaa wake kwa magwaride na mashada ya maua. Lakini nyumbani hapana budi tufanye zaidi. Mwenye mzee wa vita na akae naye jioni akiwa na daftari. Aandike jina la kikosi, majina ya wenzake, miji waliyopita. Nyuma ya kila picha aandike ni nani na ni wapi. Na mzee akifika penye jambo lisilopendeza, asimkatize kwa kumwambia kwamba yeye ni shujaa. Anayesikilizwa nusu hubaki na nusu ya pili peke yake.

Wazee hawa wanapungua kila mwaka, wala daftari halina bei kubwa. Babu yangu sasa haningoji nimwombe. Akisha kula chakula cha jioni hunawa mikono, akaniita: "Lete lile daftari."