Mchumba wa Facebook naye ana kwao

Hapa Majoreni ukisema umempata mtu Facebook, watu wanakuangalia kama umemuokota jalalani. Binamu yangu alimpata wake huko, kijana wa Tanga. Maneno yakaanza: "Huyo hana kwao."

Jamani, tuambiane ukweli. Januari 2024, wanawake walipouawa Nairobi kwenye nyumba za kukodi kwa siku, wengi mtandaoni waliuliza, "Alienda kufanya nini huko?" Tarehe 27 watu wakaandamana miji mbalimbali kupinga mauaji hayo. Marehemu ndiye aliyekuwa anahojiwa, si muuaji.

Hofu ya wazee naielewa. Mshenga huuliza: kwao wapi, anafanya kazi gani, ana mke? Simu haiulizi. Lakini kumcheka binti hakumlindi. Kunamfanya aende kimyakimya, bila mtu kujua alipo. Hapo ndipo hatari ilipo.

Binamu yangu alimwambia mamake. Mjomba akavuka mpaka pale Lunga Lunga, akaenda kuulizia mtaani kwa kina kijana. Kazi ya mshenga ni ile ile, njia tu ndiyo mpya.

Dadako akikuambia leo, utamcheka au utamsindikiza?