Waya wa kamera kwa shangazi Kariakoo

UE zimekwisha, hosteli imebaki kimya, na wiki nzima iliyopita nilikuwa Kariakoo juu ya ngazi na drili mkononi. Shangazi ana nyumba ya Kiswahili kule, mojawapo ya zile chache zilizobaki katikati ya maghorofa: kibaraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani nyuma. Anaishi na wapangaji wanne na familia zao. Mwezi jana mota ya kuvutia maji iling'olewa usiku, na tangu siku hiyo kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Shangazi akanipigia: "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya umeme? Njoo unifungie kamera." Fundi alikuwa ameshamtajia bei ya ufundi inayokaribia bei ya vifaa. Basi nikaenda. Najua likizo hii wengi wenu mtatumwa kazi kama hii, kwa hiyo nawaandikia niliyofanya.

Kwanza, waya. Ukiingia dukani utaonyeshwa kamera, waya unatajwa mwisho kabisa. Wewe anza na waya. Uliza kama ni shaba tupu, kisha kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Hesabu yake ni ya kidato cha nne tu: shaba ya milimita za mraba 0.5 kwa umbali wa mita 30, kwenda na kurudi ni mita 60, ukinzani unafika kama ohm 2. Kamera ya volti 12 ikivuta nusu ampea, volti 1 inapotelea njiani. Kwa alumini iliyopakwa, unapoteza zaidi ya hapo. Mchana picha itakuwa safi na utasifiwa. Usiku taa za kamera zikiwaka inavuta umeme zaidi, volti zinashuka, kamera inazima. Yaani inalala saa ileile mwizi anapoamka.

Kama mfuko unaruhusu, kuna kamera za mtandao zinazopokea umeme na kupeleka picha kwa waya mmoja. Hizo zinatumia volti kama 48, upotevu unakuwa mdogo, na waya unaweza kufika mita 100. Sisi tulichukua za volti 12, mbili tu, na shaba tupu.

Kabla ya kutoboa ukuta, unganisha kila kitu mezani uone picha. Halafu panga njia. Usipitishe waya wa kamera kwenye paipu moja na umeme wa volti 230. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba. Tundu la ukutani litoboe likiinamia nje, na waya uache ulegee chini kidogo kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuufuata hadi ndani. Mashine ya kurekodia tuliifungia kabatini chumbani kwa shangazi, kwenye upande wenye matundu ya hewa, pamoja na UPS ndogo kwa ajili ya umeme kukatika. Nywila ya kiwandani nikaibadilisha palepale. Soketi mpya ya ukutani sikuigusa, hiyo alifunga fundi mwenye leseni ya EWURA. Diski ya terabaiti 1, kwa kamera mbili za megabiti 2 kwa sekunde kila moja, inahifadhi kama siku 23.

Hadi hapo mambo laini. Kazi ilikuwa kwenye kamera ya pili.

Shangazi alitaka itazame uani kote. Wadau, mnajua uani ni nini: ndiko wanakopika, wanakofua, na bafu liko huko huko. Nikiwa napiga fisha ya kwanza, mama mmoja mpangaji akasimama chini ya ngazi. "Shikamoo" ya wanawe ikapita, nikaitikia, halafu yeye akauliza taratibu: "Baba, hiyo itatuona tukitoka kuoga?" Shangazi akajibu kutoka jikoni: "Nyumba ni yangu, na mota ilikuwa yangu." Kimya. Nikashuka.

Nikamwambia shangazi habari za Marie Van Brittan Brown, nesi wa Queens, New York. Alikuwa akibaki nyumbani peke yake saa za ajabu. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert waliomba hataza ya mfumo wa kamera ya nyumbani, wakaipata 1969. Kamera yake ilichungulia kwenye matundu ya mlango kuona nani anabisha. Ilitazama mlangoni. Nikamkumbusha pia kwamba tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtu ni taarifa yake. Akaguna: "Sheria zenu za chuo." Nikasema, "Sawa shangazi, sheria tuiache. Wewe ungekuwa mpangaji, ungetoka bafuni na kanga yako mbele ya hilo jicho?" Hakujibu. Baadaye akasema, "Geuza."

Kamera moja sasa inatazama kibaraza na mlango wa mbele, nyingine geti la nyuma. Kipande cha uani kilichobaki kwenye picha nilikifunika kwa weusi, mashine nyingi zina sehemu hiyo kwenye mipangilio. Kisha tukawasha televisheni koridoni, wapangaji wote wakaja kuona kinachoonekana. Yule mama akaomba niishushe kidole kimoja zaidi. Nikaishusha.

Aliyeiba mota hajajulikana, na kamera haitamjua, maana haikuwepo. Shangazi bado ana mtu wake anayemshuku. Lakini Jumamosi wapangaji wamechangishana nusu ya bei ya mota mpya, bila kuombwa. Nadhani wangeona jicho limeelekezwa kwao, shilingi isingetoka.

Haya, naenda kulala, mabega yanauma. Tuko pamoja.